Mahindi Nje Siku ya Sabato

...na wingu lenyewe limesimama tu pale juu ya mlima, halishuki, halirudi, na mimi nimekaa barazani, kitabu cha masomo ya Sabato kimefunguka magotini, nasoma mstari, nafika mwisho sijui umesema nini, narudi mwanzo, kwa sababu macho hayakai kitabuni, yanapanda kwenye wingu na kushuka kwenye mahindi, mahindi yetu ya mwaka mzima, yaliyopukuchuliwa jana, yametandazwa kwenye turubai mbili kutoka mlango wa stoo hadi karibu na zizi, na kati ya hayo yote ni gunia moja tu lililo chini ya paa, na leo ni Jumamosi, alasiri, jua bado lina safari, na nyumba hii ni nyumba ya Sabato, hapa Jumamosi hata fagio hupumzika... "Upepo umegeuka," anasema Mama Edinah, mama mkwe wangu, kutoka kwenye kiti chake, mguu wenye uvimbe umewekwa juu ya kigoda, ni kwa ajili ya mguu huo tuliondoka kanisani kabla ya chakula, anasema upepo umegeuka halafu ananyamaza, siku hizi ndivyo anavyozungumza, anatoa nusu na nusu nyingine naachiwa mimi, umegeukia wapi, unaleta ama unapeleka, sitauliza, nikiuliza atasema, na akisema nitalazimika kufanya kitu... kuku ameingia tena kwenye turubai, yule mweusi, anachakura pembeni na kutupa punje kwenye vumbi, kumfukuza kuku si kazi, nadhani, "Shii!" ameondoka, atarudi, yeye hana amri ya nne... Levi angekuwepo nisingekuwa nawaza haya yote, Levi angekaa pale kwenye kiti cha kamba, mikono juu ya tumbo, angesema tulia Sellah, na mimi ningetulia, au ningenyamaza, na kwa nje hayo mawili yanafanana, lakini Levi alienda Kibabii, huko Bungoma, Alhamisi, yeye na binti yetu Roselyne, kwa matanga ya baba yake mdogo, na mwenye mashine ya kupukuchua, yule Kipsang, aliyetuahidi Jumatano na kuapa atafika Alhamisi asubuhi, alifika Ijumaa jua limeshainama, anacheka, ati mama pole, huko Kinyoro walinishika, mashine ikanguruma, vumbi likapanda, vijana wake wakamwaga kila kitu kwenye turubai wakapanda trekta wakaenda zao, na nikabaki na debe na rundo la magunia matupu, nikajaza la kwanza, nikaliburuta ndani, nikaanza la pili, na mlima ukameza jua... hapo ndipo shida ilipo, mlima, kwa sababu redioni wanasema jua linatua saa fulani, lakini wanaosema hivyo wako Nairobi, hapa Saboti mlima uko upande wa machweo na unalichukua jua mapema, unabaki na mwanga mweupe nusu saa nzima na jua lenyewe hulioni, na kanisani kwetu jambo hili limegawa watu, kuna watu wa redio na watu wa mlima, watu wa redio huendelea kuosha sufuria mpaka mtangazaji aseme, watu wa mlima wakiona tu ule ukingo mwekundu umezama wanaweka chini chochote walicho nacho, na Levi ni wa mlima, ndiye mkubwa wao, aliwahi kusimama kanisani akasema Mungu hakuumba redio, watu wakacheka lakini hakuwa anatania, basi nami jana, peke yangu, Levi hayupo, Mama amelala, mlima ulipochukua jua niliweka debe chini, sikufikiri, mkono wenyewe ulifungua vidole, na baadaye tu, nikiwa nimewasha taa, ndipo nikajiuliza ni nani alikuwa akinitazama... nusu saa ya watu wa redio, na mikono ya jirani, mahindi yote yangelala ndani...

"Mama Roselyne! Unaona hiyo kitu ama umefunga macho unaomba?" huyo ni Nyaguthii, jirani, Mama Dancan, kichwa kimetokea juu ya ua wa michongoma, kitambaa cha kijani, sauti ya kuitia ng'ombe wa mtaa mwingine, "Naona, Mama Dancan," "Unaona na umekaa! Mimi yangu nimeanua yote, hata kuku nimeanua," "Leo ni Sabato," "Najua ni Sabato, si nimewaona asubuhi na vitabu mkononi, sasa mwenye alitengeneza Sabato si ndiye anatengeneza mvua, si mngeongea naye kwanza?" na Mama Edinah anacheka, anacheka kwa bega moja kama anavyofanya asipotaka nione, "Tumeongea naye, Mama Dancan, anafikiria," nasema, na Nyaguthii anapiga kofi moja, "Woi, huyu mama! Sikia, ng'ombe yako ikianguka kwa shimo leo, si utatoa? Yesu alisema. Hata sisi tunasoma, ati kwa sababu tunasoma Jumapili mnafikiria tunasoma gazeti," na kichwa kinazama nyuma ya ua, nasikia buti zake za mpira zikienda upande wa zizi lao, hajakasirika, Nyaguthii hukasirika akiwa kimya, kabla ya kura ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, alinyamaza wiki nzima, nami nilinyamaza, na siku iliyofuata matokeo alileta viazi kwenye ndoo, akasema haya shinda na hizi, hatukuitaja tena... ng'ombe shimoni, Levi ana jibu la hilo, Levi ana jibu la kila kitu, anasema ng'ombe ana uhai na anaumia, mahindi hayaumii, mimi nina jibu langu ambalo sijawahi kumwambia mtu, kwamba ng'ombe huanguka, hakuna aliyempanga pale, lakini haya mahindi hayakuanguka kwenye turubai, ni mimi niliyekubali mashine iingie uani Ijumaa jioni nikijua siku inaisha, ningeweza kumwambia Kipsang rudi Jumapili, ningeweza, ila nani anamrudisha mwenye mashine Desemba, akitoka hapa anaenda Endebess na humwoni tena mpaka Krismasi... "Kumenguruma," anasema Mama Edinah, sikusikia, nimesikia lori barabarani, au ni kweli, sasa nasikiliza na sisikii lori wala ngurumo, nasikia kuku akichakura... yakinyeshewa wakati huu, hayajakauka, ndio hatari, mahindi yanashika joto ndani kwa ndani, unaingiza mkono kwenye rundo unautoa haraka, halafu yanabadilika rangi, halafu ukungu, ukiyapeleka depo ya nafaka Kitale yule mtu wa kipimo anachoma kijiti kwenye gunia na kuanza kutikisa kichwa kabla hajasoma, na nyumbani huwezi kula, mwaka jana redio ilikuwa inatangaza watu wa Ukambani waliokufa kwa mahindi ya namna hiyo, hata kuku huwezi kumpa, na Roselyne anarudi bweni Januari, na Roselyne anarudi na nini, na mwaka ujao tunapanda nini, tunakula nini mpaka Agosti, hayo ndiyo yaliyo kwenye turubai pale, si mahindi, ni Januari hadi Agosti, yamelala chali yakiangalia wingu...

simu, simu inaita ndani, naenda, Levi, "Sellah, huku ni mvua, mvua ya mawe, hata mwili tumeingiza ndani ya nyumba kwanza, turubai ya wageni imechanwa," na nyuma yake wanaimba, sauti za akina mama wa Kibabii, wimbo naujua, upepo unaupeleka na kuurudisha, "Huko aje?" "Wingu liko mlimani, halijashuka," "Na mahindi?" "Kipsang alikuja jana jioni," "Alipukuchua?" "Yote," "Iko wapi?" "Iko nje," na wimbo unaendelea, naweza kumwona, amefunika sikio moja, amesimama chini ya paa la jikoni la mtu na viatu vyake vya Sabato vimejaa tope, nangoja aseme tulia Sellah, nimeshaandaa ile ndiyo yangu ya siku zote, "Anua," anasema, "Nini?" "Anua, Sellah, mwite Mama Dancan na vijana wake, muanue, Mungu anaelewa," "Levi..." "Mungu anaelewa, nimesema, usi..." na mtandao umekatika, nimebaki na simu sikioni kama kikombe kitupu, Mungu anaelewa, huyo ni Levi Makokha aliyesema hivyo, Levi aliyefundisha somo zima kanisani kwamba Mungu anaelewa ndilo neno ambalo watu husema wakishaamua, Levi ambaye mwaka wa kwanza nilipoolewa alinikuta Sabato asubuhi nikiwasha moto wa ugali, ugali mpya, si wa kupasha, akauzima moto kwa maji yaliyokuwa ya chai, jikoni pakajaa moshi, na nikalia, na hakuja kunibembeleza mpaka jua lilipoingia mlimani, ndipo akawasha moto yeye mwenyewe akasonga huo ugali, ukawa na madonge, tukala madonge yake tukicheka... ameogopa, ndilo jambo lenyewe, ameona mvua ya mawe, ameona turubai ikichanika, akaona na hii yetu, ana haki ya kuogopa, ni yeye aliyelima, ni mgongo wake, simlaumu, kwa kweli namsikitikia kidogo, na zaidi ya kumsikitikia nampenda, amesimama kwenye tope la Bungoma akinipa ruhusa ambayo imemgharimu kitu, na ruhusa hiyo nimeingoja tangu siku ya ule moto, si uongo, kila Jumamosi yenye nguo kwenye kamba na wingu angani nimengoja aseme hilo neno moja, anua...

na sasa amesema na nimerudi kuketi. Mbona nimerudi kuketi. "Revi amesema nini?" anauliza Mama Edinah, "Amesema tuanue," "Ehee," anasema, anaangalia mguu wake, anaangalia mahindi, "Revi mwenyewe?" "Mwenyewe," "Ehee... mimi mguu ungekuwa mzima, sijui, rakini mimi ni mgonjwa, mimi usiniurize," na anafunga macho, mjanja, kila mtu leo ananiachia, mwana amesema anua, mama amesema usiniulize, jirani amesema ng'ombe shimoni, mzee wa kanisa hayupo, hakuna wa redio wala wa mlima, sina hata wa kugombana naye, mimi tu, na turubai mbili, simama basi Sellah, magunia yako mlangoni, debe liko palepale ulipolitua, simama... miguu haitaki, si uvivu, nauchunguza, si woga pia, nilikuwa na woga jana na ninaujua ulivyo, hiki si hicho... sisi kwetu tulikuwa wa kanisa la Friends, Jumapili tulienda kanisani na kurudi, na kutoka kanisani mama alifunga leso kiunoni akaingia shambani kwa miwa kana kwamba siku haikuwa na jina, alipika akiwa amesimama, alikula akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, akiangalia nani anataka kuongezwa, sikumbuki mapaja ya mama yangu, watoto wengine wanakumbuka walivyopakatwa, mimi nakumbuka mgongo wake tu, na nilipokuja kuolewa huku nilijua kazi ya mke ni hiyo hiyo, na ilikuwa, Jumapili mpaka Ijumaa jina langu lilikuwa linaitwa kutoka kila upande, Sellah maji, Sellah wageni, Sellah ng'ombe, Mama huyu huyu aliyefunga macho hapa aliweza kunituma kwa kuinua tu kidevu, hakuwa mbaya, naye alikuwa ametumwa hivyo hivyo na mwingine, lakini Jumamosi... Jumamosi ya kwanza nilisimama kuchukua ndoo na Mama akasema, kaa, nikadhani nimekosea, nikasimama tena baadaye kuondoa vyombo, akasema, wewe kaa, leo hakuna wa kumtuma, na nikakaa, sikujua mikono inawekwa wapi, nilikaa kwenye kiti cha watu kama aliyekuja kuomba kazi, na nikamchukia Levi na dini yake siku nzima... na lini hilo liliisha, sikuona likiisha, ni kama mtoto anavyorefuka, siku moja unamtafuta chini na kumbe macho yako sawa na yake... ile amri, nimeisoma kwa sauti mara nyingi mbele ya darasa la watoto na sijawahi kuisikia, haisemi tu usifanye kazi, inaanza kuhesabu watu, wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, hata mnyama, inashuka ngazi moja moja mpaka inamfikia yule anayetumwa na asiye na wa kumtuma, ni mimi, imenitaja mimi, katika boma hili lote na hilo la Bungoma nililotoka hakuna mtu aliyewahi kuuliza kama nimechoka, si mume, si mama mkwe, si mama yangu mzazi ambaye hakujua kwamba hilo ni swali, na miaka yote hii nilidhani naishika kwa ajili ya Levi, kumbe ni Levi aliyekuwa akiishika na mimi nilikuwa nashikwa nayo, kama mtu anavyoshikwa mkono kuvuka barabara, ameuachia leo kule Kibabii, kidogo tu, kwa sababu ya mvua, na mimi bado niko ndani yake... basi ikinyesha, inyeshe, sisemi haitanyesha, sijifanyi nimeona maono, yakiharibika yataharibika na Januari itakuja hivyo hivyo na nitalia, najijua, nitalia nikiwa nimeingiza mkono kwenye rundo, na kesho nitaamka mapema nichague punje nzuri moja moja, lakini leo nimeambiwa kaa na yeye aliyenihesabu kwenye amri, ambaye hakuliogopa wingu alipokuwa ananiambia...

buti, buti za mpira zinakuja, Nyaguthii ameingia kwa mlango wa ua, magunia yake mwenyewe yamekunjwa kwapani, reki mkononi, "Nimechoka kukuangalia, Mama Roselyne, nimekuangalia mpaka shingo inauma, wewe kaa na Sabato yako, mimi si wa Sabato, mimi naanua, dakika kidogo tu, Dancan anakuja," na ameshafika kwenye turubai, ameshainama, na ni rahisi, Mungu wangu, ni rahisi kiasi gani, si lazima hata niseme ndiyo, ni kukaa tu hapa hapa nikiangalia kitabu, sijamtuma, sijamwita, Levi amesema, jirani amejileta, mikono yangu safi, jioni ningesema Bwana ametenda... na amri inashuka ngazi moja tena, ile ya mwisho, baada ya mnyama, mgeni, mgeni aliye ndani ya boma lako, na mgeni wangu huyu hapa, ameinama, kiuno hicho kimeanza kukamua saa kumi alfajiri, kimepeleka maziwa, kimeanua yake, na sasa kimekuja kuanua yangu ili mimi niwe mtakatifu nikiwa nimekaa... "Mama Dancan," naita, "Weka reki chini," "Sasa nini tena?" "Weka chini, kuja ukae," anainuka, mkono kiunoni, ananiangalia kama vile homa imenipanda, "Nikae nifanye nini?" "Ukae tu," "Na hii?" anaonyesha mahindi kwa kidevu, "Itakuwa hapo," "Na ikinyesha?" "Itanyesha tukiwa tumekaa," na anamgeukia Mama Edinah, "Mama, huyu wako ako sawa?" na Mama Edinah, bila kufungua macho, anasema, "Kuna uji kwa samosi, wa jana, ni wa wimbi, bado moto," na hicho ndicho kitu kirefu kuliko vyote alichosema leo, na nimesogeza kiti cha Levi, cha kamba, nimekiweka katikati yetu, Nyaguthii amesimama, anaangalia mlima, anaangalia turubai, anaangalia kiti, naona anavyohesabu kazi iliyobaki nyumbani kwake, nawajua wanaohesabu hivyo, miaka yote ya ujirani nimemwona shambani, zizini, sokoni, juu ya paa akigongomea mabati, matangani akikoroga sufuria, na ndipo nagundua sijawahi hata mara moja kumwona ameketi, "Haki nyinyi mtaniambukiza," anasema, anatua magunia, anakuja, anakaa kwenye ukingo tu wa kiti, mgongo wima, kama anayengoja kuitwa, nami nafungua themosi, namimina uji, wingu liko mlimani, mahindi yako nje, anavua buti la kwanza, halafu la pili, anaweka nyayo zake kwenye saruji ya baraza, "Kumbe hapa ni baridi hivi," anasema, na anaegemea.